Kiti cha Kwanza, Kiti cha Saba

Gurudumu kubwa lina viti kumi na viwili, na kila kiti kinachukua watu wawili. Asiyejua kazi hupakia kiti cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, kama mtu anayepanga mayai kwenye trei. Mizani hakupakia hivyo hata siku moja katika miaka ishirini na miwili. Akishajaza kiti cha kwanza, alizungusha gurudumu nusu mzunguko mpaka kiti cha saba, kile kinachotazamana nacho, kifike jukwaani, akakijaza hicho. Halafu cha nne, halafu cha kumi. Wala hakumchukua yeyote aliyetangulia kwenye foleni. Alimchukua anayefaa. Wazito wawili wakikaa cha kwanza, alitafuta wazito wawili wa cha saba. Watoto wawili wakikaa cha nne, alitafuta watoto wawili wa cha kumi.

Sababu ilikuwa ya kifundi tu. Gurudumu lile ni la zamani. Linazungushwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota, na linasimamishwa kwa breki ya mkono. Upande mmoja ukiuzidi mwingine, mkanda unateleza, breki inashindwa kushika, na upande mzito unashuka chini unavyotaka wenyewe. Hapo waliokuwa wakishangilia wanaanza kuwaita mama zao.

Kupima hakukuwa kugumu. Ugumu ulikuwa kumwambia mtu bila kumwambia.

"Mama, wewe kiti chako ni cha saba, cha wageni rasmi."

"Na mume wangu je?"

"Umekaa naye wiki nzima nyumbani. Mpe dakika nane apumzike."

Foleni ilicheka, mama akacheka, mume akacheka kuliko wote, na gurudumu likakaa sawa.

Jina la Mizani alilipata kabla hajalijua gurudumu. Alikuwa muuza nyama. Kwa miaka tisa alisimama nyuma ya meza ya bucha, kisu mkononi, na mteja akitaka kilo na robo alikata mara moja, akatupa kwenye mzani, na mshale ukasimama kwenye kilo na robo. Wateja walileta wageni wao waje kuona. Mmoja wa wateja hao alikuwa mzee aliyewahi kuwa fundi wa mabasi, ambaye kwa vyuma vya kununua hapa na pale alikuwa amejenga bustani ya michezo nyuma ya kiwanda cha matofali. Siku moja alinunua kilo moja, akabaki amesimama.

"Na mtu je?" aliuliza. "Mtu unaweza kumpima?"

Mizani alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Themanini na mbili, mzee. Pamoja na viatu."

Mzee alitoka, akaenda duka la nafaka la jirani lenye mzani wa magunia, akarudi anatabasamu kwa ushindi. "Themanini na tatu!"

"Ulipanda umeshika nyama," alisema Mizani.

Jumatatu iliyofuata alianza kazi kwenye gurudumu. Mke wake, fundi cherehani wa sare za shule, alifurahi kwamba nguo za mumewe hazitanuka damu tena, lakini jambo moja halikubadilika. Kila alipovaa gauni jipya na mumewe akamtazama, alimwambia, "Usinitazame hivyo, baba watoto. Nasikia kama nimetundikwa kwenye ndoano."

Bustani ya Mzee haikuwa peponi. Choo kilikuwa kimoja na kitasa chake kilikuwa kamba. Mvua ikinyesha, njia ya kwenda kwenye farasi wa kuzunguka iligeuka tope. Mzee akiwa na homa, geti lilifungwa na wateja walirudi makwao wakilalamika. Lakini kila kitu pale kilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na namna yake. Dereva wa treni ya watoto alipiga honi kwa mdomo, kwa sababu honi ya treni ilikufa zamani, na Mzee aliponunua mpya watoto waliikataa, wakataka ya mdomo, ikabidi mpya iuzwe. Mwalimu mstaafu aliyelinda nyumba ya vioo alimjua mtoto anayeogopa kabla hajaingia, akaingia naye akimshika mkono. Fundi wa mitambo alilala chumba cha zana, na mkanda wa gurudumu ukilia tu kidogo alitoka na kopo la unga wake mweupe wa kuzuia kuteleza, akaupaka. Mzee mwenyewe alipanda kila mchezo kila Jumatatu asubuhi, peke yake, amekunja uso kama mtu aliye kazini. Alikuwa kazini.

Alipofariki, watoto wake walikuwa na maisha yao mbali. Bustani ilinunuliwa na kampuni iliyokuwa na bustani nyingine kumi na tatu.

Kampuni haikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalokera. Ilijenga vyoo sita vyenye maji. Iliweka sakafu ya saruji palipokuwa na tope. Iliweka taa, mapipa ya taka na chumba cha huduma ya kwanza chenye kitanda. Kisha ikapaka kila kitu rangi ya njano na zambarau, kwa sababu bustani zote kumi na nne zilikuwa za njano na zambarau, ikaweka wimbo mmoja uliokuwa ukipigwa toka geti linafunguliwa hadi linafungwa, ikaiita bustani Namba Tisa. Treni ilipata honi ya kurekodiwa. Mwalimu wa nyumba ya vioo aliambiwa mchezo ule hauhitaji mtu, pakawekwa kamera badala yake. Fundi wa mitambo naye aliondolewa, mahali pake pakabandikwa namba ya simu ya kikosi cha matengenezo kinachozunguka bustani zote kila baada ya miezi mitatu. Getini pa kutokea pakawekwa mashine yenye vitufe viwili, uso unaocheka na uso ulionuna, mgeni abonyeze mmoja akitoka. Namba za vitufe hivyo zilikwenda makao makuu kila jioni. Kwa hesabu za makao makuu, bustani haikuwa imewahi kuwa nzuri kama sasa.

Mizani alibaki, kwa sababu gurudumu haliwezi kuendeshwa na kamera. Alivaa fulana ya njano iliyombana tumbo na akaendelea na kazi yake kama zamani, mpaka alipoitwa ofisini.

Meneja alikuwa kijana msomi, mpole, mwenye kusalimia kila mtu asubuhi.

"Karibu ukae, mzee wangu."

"Nimezoea kusimama. Nikikaa mgongo unauliza kuna nini."

"Kuna malalamiko." Meneja alishika karatasi tatu. "Kijana mmoja. Anasema, 'Nilipanga kumchumbia mpenzi wangu juu kabisa ya gurudumu. Pete ilikuwa mfukoni. Tulikuja na mama yake. Mhudumu akampeleka mpenzi wangu kiti kingine na mtu nisiyemjua, mimi akanikalisha na mama mkwe.'"

Mizani aliuma mdomo ili asicheke. "Namkumbuka. Kijana mwembamba, hafiki sitini. Na yule mama alikuwa..."

"Usiseme."

"...tisini na sita."

"Nimekuambia usiseme! Sikiliza. 'Dakika nane nzima mama mkwe alinihoji kuhusu kazi yangu, ndugu zangu na kwa nini nilichelewa kufika. Tuliposhuka, hata kuishika ile pete sikuweza.'"

"Hapo nilikosea," Mizani alisema. "Nilipaswa kumwona anavyogusagusa mfuko. Nilitazama mwili, sikutazama mkono. Nipe namba yake nimwombe radhi, aje na yule binti, wao wawili tu, nitawasimamisha juu hata robo saa."

"Hatuwapigii wageni simu. Kuna utaratibu." Meneja alifungua kitabu cha mwongozo cha kampuni, akasoma kwa kidole. Wageni wapakiwe kwa mpangilio wa foleni, bila kuruka mtu. Wageni wachague wenyewe wa kukaa naye. Mhudumu asizungumzie mwili wa mgeni kwa namna yoyote.

Juu ya maneno hayo kulikuwa na picha. Mizani aliinama, akaitazama. Lilikuwa gurudumu refu la vibanda vya vioo thelathini na sita, linalozungushwa kwa meno ya chuma.

"Hili si gurudumu letu, bosi."

"Ni gurudumu."

"Hata punda na basi vyote vinabeba watu. Hili lina meno, haliwezi kuteleza hata ukipakia tembo upande mmoja. Letu lina mkanda."

"Kitabu ni kimoja kwa bustani zote, mzee wangu. Hapo ndipo penye ubora. Mgeni akienda Namba Mbili au Namba Kumi na Moja apate kitu kilekile." Alimsukumia barua. "Hii ni ya kwanza. Zikifika tatu siwezi kukusaidia, mkataba unakatika, na mafao yako ya kustaafu yanaingia kwenye mgogoro. Umebakiza miezi mingapi?"

"Kumi na moja."

"Basi vumilia."

Mizani akavumilia. Wiki tatu alipakia kwa foleni. Kitabu hakikumkataza kuchagua kiti, kwa hiyo aliendelea kupakia cha kwanza, cha saba, cha nne, cha kumi, na siku za wateja wachache mambo yalikwenda. Kisha Jumamosi moja zikaja familia za wafanyakazi wa kiwanda cha mikate, wamelipiwa na mwajiri wao.

Hakuna foleni mbaya kwa gurudumu la mkanda kama foleni ya familia. Baba na mama wanataka kukaa pamoja, na watoto wawili nyuma yao wanataka kukaa peke yao, maana wamekua. Ukipakia bila kuruka mtu, wazazi wanaingia cha kwanza, watoto wao cha saba. Wazazi wanaofuata cha nne, watoto cha kumi. Familia sita zikiisha, wazazi wote wako upande mmoja na watoto wote wako upande wa pili. Na wazazi hawa walikuwa watu wa mikate.

Mizani aliliona linakuja na kwa mara ya kwanza maishani hakusema neno. Gurudumu lilikwenda mzunguko mmoja na nusu. Upande wa wazazi ulipoanza kupanda, mota ilinguruma, mkanda ukateleza, harufu ya mpira ulioungua ikafika mpaka dirisha la tiketi, na wazazi wakarudi kinyumenyume mpaka chini, wakabaki hapo wakining'inia huku na huku. Watoto wao walikuwa juu kabisa. Wawili walikuwa wanacheka. Wengine walikuwa wanalia.

Kulikuwa na njia moja tu, kuwapunguza wazito chini mmoja mmoja mpaka pande zilingane. Lakini wazazi hawakutaka kushuka na kuwaacha watoto juu. Mama mmoja alishika chuma kwa mikono miwili akasema hatoki. Utani wote ukamwishia Mizani.

"Wewe baba wa kofia nyekundu!" alipiga kelele. "Shuka! Wewe ndiye unayewaning'iniza watoto! Wewe ni kilo mia na kumi na nne, shuka!"

Yule baba alishuka. Akashuka wa pili, na wa tatu, na kila aliposhuka mmoja gurudumu lilisogea kidogo, mpaka Mizani akaweza kulivuta kwa mikono na watoto wakafika jukwaani. Dakika kumi na moja zilikuwa zimepita. Hakuna aliyeumia. Baba wa kofia nyekundu alimshika Mizani mkono, akamshukuru, kisha akaenda getini akabonyeza uso ulionuna.

Barua ya pili ilitoka Jumatatu. Haikuhusu mkanda. Ilihusu mhudumu kutangaza uzito wa mgeni mbele ya watu.

"Miezi kumi," mke wake alimwambia, akipitisha uzi kwenye sindano. "Miezi kumi tu, baba watoto. Kalia mdomo."

"Nikikalia mdomo nani atalisemea gurudumu?"

"Gurudumu si ndugu yako."

"Wanaolipanda nao si ndugu zangu?"

Mke wake alishona mshono mzima kabla ya kujibu. "Mimi nimesema kalia mdomo. Sijasema kalia mikono."

Mizani hakuelewa alichomaanisha, na huenda hata mkewe alisema tu. Lakini Jumatano, jua likiwa kali, aliona foleni yake imevunjika. Watu walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha kibanda cha vinywaji bila kujali nani alikuja kabla ya nani. Alikitoa kitabu cha mwongozo alichokuwa amekifanya mto wa kiti, akakisoma tena sehemu ya gurudumu. Kilieleza kwa urefu jinsi ya kumtoa mgeni kwenye foleni na kumweka kwenye kiti. Jinsi foleni yenyewe inavyotokea hakikusema kitu.

Kuanzia siku hiyo, gurudumu likishaanza kuzunguka, Mizani aliteremka jukwaani kwa zile dakika nane na kutembea kwenye foleni.

"Mama, jua litakuunguza, sogea hapa kwenye kivuli, nyuma ya hawa mabwana wawili. Bwana, wewe unaonekana mtu wa siasa, kaa mbele nikuone. Nyie wasichana, hapa, mnaendana na wale, mmevaa rangi moja. Kijana, huyo ni dada yako au? Basi simameni pamoja, sitaki kesi tena."

Kila kundi alilifuatisha na kundi la uzito wake. La kwanza likaingia kiti chake, la pili likaingia kiti cha kulitazama, na hakuna aliyerukwa. Kwa kuwa kila mtu alifika jukwaani akiwa ameshapangwa, hata kupakia kulikwenda haraka kuliko enzi za Mzee.

Dada wa dirisha la tiketi, ambaye toka dirishani aliona kila kitu, alikuwa wa kwanza kugundua. "Kaka Mizani, unawapanga kama magunia."

"Nani? Mimi? Nawatafutia kivuli."

"Leo hakuna jua."

"Basi nawatafutia jua."

Baada ya miezi miwili, Namba Tisa ilikuwa na nyuso zinazocheka nyingi kuliko bustani yoyote kati ya zote kumi na nne, na gurudumu lake mizunguko mingi zaidi kwa saa kuliko magurudumu yote. Meneja alikuja mwenyewe jukwaani kumpa Mizani mkono. Wiki iliyofuata wakaja wawili toka makao makuu, mwanamke mwenye kamera na mwanamume mwenye daftari. Walirekodi siku nzima. Walicheka sana. Jioni walimkalisha Mizani mbele ya kamera, na mwenye daftari akasema utani wake utaandikwa kwenye kadi na kupelekwa bustani zote.

"Zote?" aliuliza Mizani.

"Zote zenye gurudumu. Ziko tano, mbali na hii." Alimwonyesha picha kwenye simu. Tatu zilikuwa za vibanda vya vioo. Mbili hazikuwa hivyo. Zilikuwa na viti kumi na viwili vya wazi, na chini yake ulionekana mkanda.

Mizani aliitazama simu ile muda mrefu. Alikuwa amebakiza miezi minane. Meneja alikuwa nyuma ya kamera, na pengine aliona kinachokuja, kwa sababu alianza kutikisa kichwa taratibu.

"Utani si kazi," Mizani alisema. "Utani ni wa kuwafanya wasogee. Kazi ni kupima. Mimi nawapima wageni kwa macho wakiwa kwenye foleni, nawapanga mzito na mzito, mwepesi na mwepesi. Haya magurudumu mawili, mkipeleka kadi bila kupeleka hilo, siku moja yatawaangusha watu. Andika hivyo."

Mwenye daftari alitazamana na mwenzake. "Unawapima wageni?"

"Kila mmoja. Wewe ni sabini na moja. Dada sitamtaja, nina barua mbili."

Mwenye kamera alicheka, akaizima. Mwenye daftari aliandika kitu, lakini kwenye kadi hakikutokea. Barua ya tatu ilikuja baada ya siku nne, safi, yenye muhuri, ikimtuhumu kwa kukiri mwenyewe kuwapima wageni wa kampuni na kuwapanga kwa maumbile yao. Meneja alimpa akiwa ameinamisha uso.

"Ungenyamaza tu, mzee wangu. Nilikuwa nimekuombea cheti."

"Nilinyamaza ile Jumamosi ya watu wa mikate," alisema Mizani. "Ulikiona kilichotokea."

Kibarua kikaota nyasi. Mafao yalikwenda kwenye mgogoro kama ilivyoahidiwa, na hadi leo yako huko. Mizani alirudi bucha, siku tatu kwa wiki, kwa mjukuu wa mwajiri wake wa zamani. Mkono haukuwa umesahau. Lakini zile picha mbili hazikumtoka, na mke wake alichoka kumwona akiugeuzageuza mkate mezani bila kuula. Dada wa dirishani, ambaye alikuwa kwenye kundi la simu la wauza tiketi wa bustani zote, ndiye aliyemtafutia namba za waendeshaji.

Mwendeshaji wa kwanza alipokea kwa sauti nzito.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi nilikuwa gurudumu la Namba Tisa. Naitwa Mizani."

"Ahaa! Wewe ndiye mwenye kadi? Hizi kadi zimenikera, kaka. Juzi nimewaambia watawa wawili kwamba nawaona wamependana."

"Niambie kitu kimoja. Unapakiaje?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mimi sipo kazini tena. Niambie tu."

"Mzito kwa mzito," ile sauti ilisema, sasa kwa kunong'ona. "Nilikuwa kuli bohari la mchele miaka kumi na minne. Ukinibebesha gunia lililopungua bakuli moja najua. Mtu atanidanganya nini? Lakini nina barua mbili, kaka. Usinitaje."

Walizungumza saa nzima. Kuhusu mkanda wakati wa mvua, kuhusu wanafunzi wanaotikisa viti, kuhusu unga mweupe na ni wa aina gani. Mwisho yule mwendeshaji, ambaye Mizani alikuwa ameshaanza kumwita Kuli, akasema gurudumu la pili, la Namba Kumi na Mbili, aliyekuwa akiliendesha ameondoka na sasa kuna binti mpya, wiki ya tatu kazini. Yeye Kuli alikuwa na mapumziko Jumanne.

Wakakutana stendi, wakatambuana kwa jinsi kila mmoja alivyokuwa akimtazama mwenzake toka kichwani hadi miguuni.

"Tisini na mbili," alisema Mizani.

"Sabini na tisa. Umepungua karibuni."

Namba Kumi na Mbili ilikuwa safi, ya njano na zambarau. Mizani hakuwa amewahi kufika, lakini alikwenda moja kwa moja chooni bila kuuliza njia. Wimbo ulikuwa uleule. Walikata tiketi, wakasimama kwenye foleni fupi kama wateja wengine. Binti wa gurudumu alikuwa na miaka ishirini na kitu, fulana ya njano, kadi mkononi. Walipofika mbele alisoma bila kuinua macho.

"Bibi harusi na bwana harusi, karibuni, kiti chenu kiko tayari!"

"Bibi harusi ni nani hapa?" aliuliza Kuli.

Binti aliinua macho, akawaona wazee wawili. "Samahani, babu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Najua," Mizani alisema. "Niliyasema mimi, kwa wazee fulani waliooana miaka arobaini. Binti yangu, tuache kupanda kwanza. Breki hiyo, ukiishika, inakuvuta mkono?"

Uso wa binti ulibadilika. Alitazama nyuma yake, kisha akajibu chini chini. "Inanivuta mpaka bega linauma. Kuna siku iliniponyoka. Nilidhani ni mimi sina nguvu, nikaogopa kusema, wangesema kazi ya wanaume."

"Si nguvu," Kuli alisema. "Sisi wawili ni wanaume na ingetuvuta hivyo hivyo."

Wakamwonyesha. Haikuchukua muda, maana kazi yenyewe si siri, ni viti kumi na viwili na macho. Mizani alimtaka apime watu watatu wa kwanza kwenye foleni. Alikosea wawili, akampata wa tatu kwa tofauti ya kilo nne, Kuli akampigia makofi.

"Na wakiniuliza kwa nini nawapanga?"

"Nani akuulize? Mgeni au meneja?"

"Mgeni nitamjibu. Meneja."

Kuli alitazama viatu vyake.

"Mimi niliwaambia ukweli, nikafukuzwa," Mizani alisema. "Huyu mwenzangu ananyamaza, bado yuko kazini na anapakia vizuri. Sisi wote wawili hatuna la kukushauri. Gurudumu ni lako, utaamua mwenyewe."

Binti alikunja kadi, wimbo ukizunguka juu ya vichwa vyao. Akaitia mfuko wa nyuma, akateremka ngazi za jukwaa mpaka kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa baba mmoja mnene aliyebeba mtoto mabegani, mkewe pembeni, na kijana wao mwingine nyuma akitafuna barafu. Binti alimsalimia, akamwuliza wametoka wapi na mtoto anaitwa nani, huku akimtazama toka kichwani hadi miguuni.